Maswali ya wasomaji: hela za uchaguzi za Washington na tarehe ya kumchagua meya

Mwezi huu barua zimegongana kwenye ishu moja, ile hoja inayozunguka Marekani kwamba serikali kuu iyaambie majimbo hivi: mkitaka hela zetu za kuendeshea uchaguzi, basi mameya wenu, madiwani wenu na bodi zenu za shule wachaguliwe siku ileile tunayochagua wabunge wa Kongresi na rais, yaani Novemba ya mwaka shufwa, 2026, 2028 na kuendelea. Nimechagua barua chache zenye maswali tofauti nijibu kwa urefu, nyingine nimefupisha.

Dada mhariri, habari za kazi. Mimi niko Ohio, nimepata uraia na 2024 nilipanga foleni kabisa kumpigia rais kura. Mwaka uliofuata ikaja kura ya hapahapa, kituoni nikakuta watu wa kuhesabika, kazini wenzangu wengi hata hawakuwa na habari. Hivi shida iko kwenye tarehe kweli? Si mtu akitaka kupiga kura atapiga tu?

Kaka, hongera kwa uraia, na hongera zaidi kwa kurudi kituoni ule mwaka wa pili manake hapo ndo wengi tunapotea. Tarehe ina nguvu sana, nadhani kuliko hata mabango ya wagombea. Angalia Los Angeles, mji wa watu karibu milioni 4. Mwaka 2013 walipomchagua Eric Garcetti kwenye marudio ya mwezi wa tano, kura zote za umeya zilikuwa kama laki 4, waliojitokeza ni kama asilimia 23 ya walioandikishwa. Mwezi wa tatu 2015 wakazi wakakubali kuhamisha uchaguzi wao, na 2022 Karen Bass alipopambana na Rick Caruso ikawa Novemba, karatasi moja na gavana na wabunge, kura za umeya zikapita laki 9. Sio zote zimeletwa na tarehe, hilo niseme wazi, California siku hizi kila mpiga kura anatumiwa karatasi yake kwa posta na Caruso mwenyewe alimwaga zaidi ya dola milioni 100 kwenye kampeni. Haya, toka California uende Baltimore. Mwaka 2011 meya alichaguliwa peke yake mwaka ambao hauna kura nyingine kubwa, wakatokea kama asilimia 13. Wakauhamishia mwaka wa rais, na 2016 wakatokea kama asilimia 60. San Francisco nako wakazi walipiga kura 2022 kuhamisha umeya kutoka 2023 kwenda 2024, basi 2019 walikuwa wametokea kama asilimia 42, na 2024 wakafika kama asilimia 79. Watu ni walewale, mji ni uleule.

Na ishu sio idadi peke yake. Ukifanya uchaguzi siku ambayo watu hawana habari, wanaobaki sio sampuli ya mji mzima. Wanabaki wenye umri mkubwa, wenye nyumba zao, watu waliokaa mtaa mmoja miaka mingi, pamoja na vikundi ambavyo maslahi yao yanaamuliwa palepale ukumbi wa mji, vyama vya wafanyakazi wa mji, vyama vya walimu, makampuni ya ujenzi. Hao wote wana haki yao na hakuna anayewazuia, lakini mpangaji, kijana, mtu aliyehamia juzi, mama mwenye shifti mbili, wote hawapo, na halafu huyohuyo meya ndo anayeamua polisi wafanye kazi vipi, basi lipite wapi, maji yalipiwe kiasi gani, nyumba za kupanga zijengwe au zisijengwe. Ni mambo yanayomgusa mtu kila siku kuliko mengi yanayobishaniwa Washington, na yanaamuliwa na kikundi kidogo. Mimi hili linaniuma na sioni sababu ya kulificha.

Alafu jua kwamba tarehe hizi ziliwekwa na watu makusudi. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kulikuwa na wanamageuzi waliotaka kuutoa uchaguzi wa mji kwenye mikono ya mitandao ya vyama, kama ule wa Tammany Hall kule New York, wakasema tukitenganisha siku mwananchi atamwangalia meya kama meya na sio kama mtu wa chama fulani. Katiba ya jimbo la New York ya 1894 ikaweka kabisa kwamba viongozi wa miji wachaguliwe mwaka witiri. Nia ilikuwa na mantiki yake. Matokeo ya zaidi ya miaka mia ndo hayo unayoyaona kituoni kwako.

Shikamoo dada. Nasoma sheria Texas na tumebishana sana darasani. Je Kongresi ina mamlaka gani ya kupanga tarehe ya uchaguzi wa mji? Si ni kuingilia mambo ya jimbo?

Marahaba mdogo wangu, na swali lako ndo moyo wa ishu yote hii. Kuamrisha moja kwa moja, Kongresi haina mamlaka. Katiba ya Marekani, Ibara ya 1 kifungu cha 4, inaipa Kongresi uwezo wa kubadilisha muda na namna ya kuwachagua maseneta na wawakilishi, basi. Ndo maana siku ya uchaguzi ya kitaifa ipo kisheria, ya rais iliwekwa 1845 na ya wawakilishi 1872, ile Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Diwani hayumo humo.

Na kuna kesi moja inakaa hapa vizuri mno, hakikisha mnaisoma, Oregon dhidi ya Mitchell ya 1970. Kongresi ilishusha umri wa kupiga kura kuwa miaka 18 kwa chaguzi zote, Mahakama ya Juu ikasema kwa uchaguzi wa kitaifa sawa, kwa uchaguzi wa majimbo na miji hapana. Sasa fikiria wale makarani wa uchaguzi, kijana wa miaka 19 ana haki ya kumpigia rais lakini hana haki ya kumpigia gavana, daftari mbili, karatasi mbili, gharama mara mbili. Majimbo yenyewe yakaona haiwezekani, na 1971 Marekebisho ya 26 ya Katiba yakapita kwa haraka ya ajabu. Nasisitiza hii kwa sababu inaonyesha mpaka uko wapi, na inaonyesha pia kwamba ugumu wa kuendesha chaguzi mbili tofauti ni hoja yenye uzito kweli, iliwahi kubadilisha Katiba.

Kwahiyo mlango unaobaki ni hela. Hapo mfano ambao kila mtu anautaja ni umri wa kunywa pombe. Mwaka 1984 Kongresi ilisema jimbo lisiloweka miaka 21 litakatwa asilimia 5 ya hela za barabara kuu, baadaye 10, South Dakota ikaenda mahakamani na 1987 ikashindwa, kesi ya South Dakota dhidi ya Dole. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Mahakama ikatoa vipimo: hela ziwe kwa manufaa ya wote, sharti liandikwe wazi ili jimbo lijue linakubali nini, sharti lihusiane na lengo la hela zenyewe, na lisilazimishe jimbo kuvunja Katiba. Alafu kuna swali la shinikizo. Kwenye Dole hela zilizokuwa hatarini zilikuwa chini ya nusu ya asilimia 1 ya bajeti ya South Dakota, mahakama ikasema huo ni ushawishi wa kawaida. Mwaka 2012 ikaja kesi ya sheria ya afya ya Obama, pale jimbo likikataa kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, lingepoteza hela zake zote za Medicaid, zaidi ya asilimia 10 ya bajeti ya jimbo, Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba hiyo ni bunduki kichwani, sio ushawishi tena.

Hapo ukipima sharti la tarehe za uchaguzi, maandishi wazi yanawezekana, manufaa ya wote yapo. Uhusiano na lengo ndo patabishaniwa. Anayetetea atasema hela hizi ni za kuboresha uendeshaji wa uchaguzi, na ofisi inayofanya uchaguzi mara nne kwa mwaka inachoka, inakosa watu wa vituoni, inakosa muda wa kusafisha daftari kabla ya uchaguzi wa kitaifa. Anayepinga atasema kumleta diwani kwenye karatasi ya rais hakuboreshi uchaguzi wa rais, kunaurefusha tu. Mi naona upande wa kwanza una nguvu zaidi, lakini sio kwa umbali mkubwa, na mkibishana tena darasani msilipite hili haraka.

Dada, tuambie ukweli, izo hela ni kiasi gani? Manake huku kila mtu anaongea kama Washington ndo inalipia uchaguzi.

Hailipii, na hapa ndo naomba kila msomaji atulie. Uchaguzi Marekani unalipiwa zaidi na kaunti na miji, kiasi na jimbo, hata ule wa rais. Serikali kuu ilianza kuingiza hela za maana baada ya vurugu za kuhesabu kura ya rais kule Florida 2000, tofauti ya kura 537 na karatasi za kutoboa zilizoshindikana kusomeka, ndo ikapitishwa sheria ya Help America Vote Act ya 2002, wengi wanaiita HAVA. Mwanzoni zilitoka zaidi ya dola bilioni 3, majimbo yakanunua mashine mpya na kutengeneza madaftari ya kompyuta. Baada ya 2010 ruzuku mpya zikakatika mpaka 2018, zikaja dola milioni 380 kwa ajili ya usalama, alafu milioni 425 kwa bajeti ya 2020, na nyingine milioni 400 wakati wa korona. Kisha zikaanza kushuka, milioni 75 mwaka 2022, milioni 75 tena 2023, milioni 55 mwaka 2024, milioni 15 mwaka 2025.

Hebu igawe hiyo milioni 15 kwa majimbo 50, hata usipoweka Washington D.C. na visiwa, ni dola laki 3 kwa jimbo zima. Jimbo zima! Kuna kaunti moja tu inaweza kuzimaliza kwa kuchapa karatasi na kutuma posta. Nani atabadilisha kalenda ya miji yake yote, afumue sheria, apigane na mameya, kwa ajili ya laki 3? Hakuna. Kwahiyo wale wanaolia kwamba Washington itawakaba koo majimbo kwa izo hela, na wale wanaoshangilia kwamba sasa dawa imepatikana, wote wanaongelea hela ambazo hazipo. Hela zilizopo ni ndogo mno kumsogeza mtu, na siku zikiwa kubwa kiasi cha kumtisha mtu, mahakama itakumbuka ya 2012. Nafasi iliyopo katikati ni nyembamba, na ni lazima ipimwe vizuri na watu wanaotaka jambo lifanyike kweli, sio wanaotaka kuonekana wamelisema.

Mama mhariri, mimi nafanya kazi za msimu ofisi ya uchaguzi ya kaunti (jimbo nisitaje). Watu wanaosema "wekeni kila kitu siku moja" hawajawahi kukaa usiku na sisi. Karatasi tayari ina kurasa mbili. Ukiongeza meya, madiwani, bodi ya shule, bodi ya maji, nani atafika mwisho wa karatasi? Na mambo ya mji si yatamezwa na kelele za rais?

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa sehemu kubwa uko sahihi, kwahiyo nakujibu taratibu.

Kwanza kuhusu kazi yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba karatasi za kura sio za aina moja. Mpaka wa wilaya ya shule unakata katikati ya mji, mpaka wa bodi ya maji unakata kwingine, kata ya diwani kwingine, kwahiyo majirani wawili wanaweza kuwa na karatasi tofauti, na kila chombo unachokileta kwenye Novemba ya mwaka shufwa kinazidisha aina za karatasi ambazo ofisi yako inatakiwa kuzisanifu, kuzihakiki, kuzichapa na kuzipeleka kwa mtu sahihi. Kosa moja la mpaka, uchaguzi unaishia mahakamani. Marekani kuna serikali za mitaa kama elfu 90 ukihesabu miji, kaunti, wilaya za shule na bodi maalum, na wanaoendesha sio kaunti peke yake, Wisconsin wana makarani wa miji na vitongoji zaidi ya 1,800, Michigan zaidi ya 1,500, wengine ofisi ni mtu mmoja wa nusu siku. Huyo ukimwambia unganisha tu unamwonea.

Hata Los Angeles, mfano wangu wa juu, haikuwa rahisi. Mfumo wa zamani wa kupigia kura wa kaunti haukuwa na nafasi ya vinyang'anyiro vingi kiasi hicho, na kaunti iliisema wazi hiyo shida, mpaka mfumo mpya ukaanza kutumika 2020 ndo mambo yakakaa. Yaani tarehe ilisubiri vifaa. Ndo maana mi nasema hela zikija zije kwanza kwa hiyo kazi, programu za kuchora mipaka, printa, bahasha, mishahara ya watu kama wewe, kabla ya mtu yeyote kudaiwa kalenda mpya. Kinyume cha hapo ni kumtwisha mtu mzigo alafu ndo umtafutie mgongo.

Kuhusu mwisho wa karatasi, ndio, wapo wanaopiga ya rais wakaacha zingine. Lakini fanya hesabu hii na mimi. Tuseme mji una wapiga kura laki 1. Uchaguzi wa peke yake wanakuja elfu 20. Uchaguzi wa pamoja wanakuja elfu 65, na hata robo nzima yao wakiacha sehemu ya meya, bado wanabaki karibu elfu 49 waliomchagua. Ni zaidi ya mara mbili. Anayeacha sehemu tupu amepewa nafasi akaiacha mwenyewe, ni tofauti na yule ambaye hakujua kama kuna uchaguzi.

Kumezwa na kelele za rais, hapo sina jibu jepesi. Kweli meya anayegombea mwaka wa rais anapata shida kupata muda kwenye televisheni, na wapiga kura wengi wataangalia chama tu. Dawa ya nusu ni kutumia Novemba ya katikati, 2026, 2030, ambapo rais hayupo kwenye karatasi, Los Angeles ndo wamefanya hivyo kwa umeya wao na imewafaa. Na usidhani mwaka witiri unakulinda na hizo kelele, uchaguzi wa jaji wa Mahakama ya Juu ya Wisconsin wa mwezi wa nne 2025 ulitumia zaidi ya dola milioni 100 na wanasiasa wa kitaifa walijaa humo.

Na New York City 2025 wametokea zaidi ya watu milioni 2 kumchagua meya, mwaka witiri kabisa, idadi ambayo haijaonekana tangu 1969. Nasema hivyo ili upande wako pia upate haki yake, kinyang'anyiro kikali kinaleta watu siku yoyote. Siku hiyohiyo wakazi walikataa pendekezo la kuhamishia uchaguzi wao mwaka wa rais. Ila miaka minne nyuma, 2021, mji huohuo wenye watu zaidi ya milioni 8 kura za umeya zilikuwa kama milioni 1 na laki 1. Huwezi kupanga demokrasia ya mji kwa kutegemea kwamba kila mara atatokea mgombea wa kuamsha watu.

Dada swali fupi, hii inasaidia chama gani?

Inategemea uko wapi, na ndo maana vyama vyote vimeshasimama pande zote. Arizona 2012 bunge la jimbo lililoshikwa na Republican lilipitisha sheria ya kuhamisha chaguzi za miji, Tucson na Phoenix zikapinga na mahakama ya rufaa ikazipa haki 2014. Jimbo likarudi tena 2018 na sheria nyingine ya kuhamisha miji ambayo waliojitokeza ni wachache mno, ikafika Mahakama ya Juu ya Arizona, na 2021 Tucson ikashinda tena, kwamba tarehe ya uchaguzi wa mji wenye katiba yake ni mambo ya mji. New York ni kinyume, Democrat ndo waliopitisha 2023 kuhamisha chaguzi za vitongoji na kaunti nyingi kwenda mwaka shufwa, na kaunti zinazoongozwa na Republican ndo zikaenda mahakamani. Zikashinda mwanzo, rufaa ikageuza, na Oktoba 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaiacha sheria isimame. Mwanasiasa akikwambia anapigania kanuni hapa, muulize alisema nini kwenye jimbo ambalo chama chake hakifaidiki.

Je hii si ndo ileile amri ya Trump ya 2025 ya kuzuia hela za uchaguzi?

Hapana, zinafanana kwa sura tu. Amri ya rais ya tarehe 25 Machi 2025 ilihusu ushahidi wa uraia wakati wa kujiandikisha na kura za posta zinazofika baada ya siku ya uchaguzi, na ilitaka hela za HAVA zitumike kama kibano. Majimbo na vyama vya kiraia vikashtaki na majaji wakasimamisha sehemu muhimu za amri hiyo, sababu kubwa ikiwa kwamba rais hana mamlaka ya kujitungia masharti ya uchaguzi, mamlaka hayo Katiba imeyaweka kwa majimbo na Kongresi. Hilo ni somo kwa yeyote anayetaka sharti la tarehe pia, hata kama lengo lake ni zuri kiasi gani: lipitie Kongresi, liandikwe kwenye sheria, lipigiwe kura hadharani. Njia ya mkato itaishia kwenye meza ya jaji.

Ungekuwa wewe unaandika hiyo sheria ungeandikaje? Maneno matupu tumechoka.

Haki yako. Kwanza nisingekata hata senti ya ruzuku zilizopo sasa, izo ni za usalama na mashine, kuzikata ni kumwadhibu mpiga kura wa Novemba kwa kosa la bunge la jimbo. Ningefungua fungu jipya, la hiari, na la miaka mingi, tuseme 10, manake hela inayokuja mwaka huu na kukauka mwaka ujao hakuna karani atakayeajiri mtu kwa ajili yake. Malipo yafuate wapiga kura, yaani jimbo likihamisha miji yenye theluthi moja ya wapiga kura wake lilipwe theluthi moja, lisisubiri mpaka mji wa mwisho. Hii ni muhimu sana kwa majimbo kama Arizona ambapo katiba ya jimbo inaulinda mji wenye katiba yake, jimbo haliwezi kuulazimisha Tucson, lakini Tucson wenyewe wakikubali siku moja basi wasikose. Tena ningeruhusu mji uombe moja kwa moja hata kama jimbo limekaa kimya.

Hela zifike kaunti na kwa makarani wa vitongoji, sio kuishia ofisi ya jimbo, na sehemu ilipwe kabla ya uchaguzi wa kwanza wa pamoja, kwa sababu gharama kubwa ndo ziko huko mwanzoni. Ugavana ningeuacha kabisa, New Jersey, Virginia, Kentucky, Mississippi na Louisiana wanamchagua gavana mwaka witiri na ukiwagusa hapo umeanzisha vita nyingine ambayo haina uhusiano na meya. Chaguzi za kujaza nafasi iliyoachwa wazi ziachwe pia, huwezi kukaa miaka miwili bila diwani.

Na kiasi kiwe cha kulipia kazi yote ya kuhama na kidogo juu yake. Hapo hakuna jaji atakayeona bunduki, na meya akisema mji wake hauna hela ya kuhama atajibiwa. California hawakusubiri Washington, sheria yao ya 2015 ilisema mji ambao waliojitokeza wanapungua kwa asilimia 25 chini ya wastani wao wa chaguzi kuu nne zilizopita lazima uhame, ikaanza kazi 2018, miji mingi ikahama. Majimbo yana nguvu hiyo siku zote. Hela za Washington zitamsaidia yule anayetaka na hana uwezo.

Swali la mwisho dada. Mji wetu ukihama, huyu meya tuliyenaye ataongezewa mwaka wa bure?

Inawezekana, na ulizeni mapema. Los Angeles ilipohama, waliochaguliwa 2015 na 2017 walipewa kipindi kimoja cha miaka mitano na nusu, Garcetti akiwemo. San Francisco meya London Breed alipata mwaka mmoja zaidi. New York wamefanya kinyume, waliochaguliwa 2025 kwenye nafasi zinazohamishwa wanakaa mwaka mmoja pungufu ili waingie kwenye kalenda mpya. Mi nasimama na New York kwa hili. Kiongozi aliyepewa miaka minne na wananchi asijiongezee wa tano kwa kura ya baraza lake mwenyewe, kipindi kipunguzwe, na kama mnataka kuongeza basi swali hilo liwekwe kwenye karatasi ya kura mbele ya watu wote, kama Los Angeles na San Francisco walivyofanya angalau. Kwenye kikao cha baraza cha kujadili kuhama, ombeni kusoma kile kifungu cha kipindi cha mpito kabla hamjapiga makofi, na kama hakipo kwenye rasimu ombeni kiandikwe siku hiyohiyo.